Kuitwa chuo kikuu ni jambo moja, kufika darasani ni jambo jingine

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyanda za Kano, siku ambayo barua ya chuo kikuu inaingia nyumbani huwa ni siku ya watu wote. Haidhuru kwamba siku hizi barua yenyewe huchapishwa katika duka la kompyuta pale sokoni Ahero. Majirani huja kupongeza, mjomba hukumbushwa ahadi yake ya zamani, naye baba huanza kupiga hesabu kimoyomoyo: magunia mangapi ya mpunga, ng'ombe yupi, mkopo kiasi gani.

Sasa tuseme, msomaji, kwamba aliyeitwa ni binti anayetumia kiti cha magurudumu. Tuseme pia kwamba mdogo wake, mwenye miguu mizima, amepata nafasi katika chuo cha ualimu mwaka uo huo, na mpunga wa msimu ule hautoshi kuwapeleka wawili. Nani aende?

Tafadhali usiharakishe kujibu. Hadharani, sote tutasema aende aliyeitwa kwanza. Lakini usiku, mlango ukishafungwa na taa kupunguzwa, hesabu hubadilika. Mama huuliza: huko atasukumwa na nani hadi darasani? Baba naye huuliza: na akimaliza, nani atamwajiri? Mara nyingi wazazi wanaouliza hivyo huitwa wakatili au washamba. Mimi nasema hapana. Hayo ni maswali ya watu waliouona ulimwengu. Shida ni kwamba majibu yake hayako nyumbani Ahero. Yako chuoni.

Tuanze na swali la mama.

Safari ya magari mawili

Ahero ni njia panda. Barabara moja yaenda Kisii, nyingine yatoka Kericho na kuelekea Kisumu. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Maseno hupanda matatu hadi Kisumu, mwendo wa kilomita zaidi ya ishirini, kisha hushuka na kupanda nyingine ya barabara ya Busia, karibu kilomita ishirini na tano tena, mpaka Maseno kwenye mstari wa ikweta. Kwa kijana mwenye miguu mizima hiyo ni asubuhi ya kawaida. Kwa binti wetu ni kubebwa mara nne: kupandishwa, kushushwa, kupandishwa na kushushwa. Anayembeba ni makanga asiyemjua, mbele ya abiria wanaotazama saa. Kiti chake hufungwa juu ya gari au kubanwa nyuma, na si ajabu kikalipiwa kama gunia la mchele.

Nao ule udongo mweusi wa Kano, mvua ikinyesha, hushika gurudumu kama gundi. Mto Nyando ukifurika, kama ulivyofurika mwaka wa 2020, hata njia ya kutoka nyumbani hadi lami hupotea.

Nayataja haya kwa sababu wakuu wa vyuo hupenda kuhesabu usawa kuanzia kwenye lango lao. Mwanafunzi aliyetumia nguvu zake zote kufika langoni anapoambiwa kwamba chumba alichopewa kiko ghorofa ya pili, hukumbuka safari yote tangu nyumbani. Wapo wanaorudi siku hiyo hiyo.

Ratiba haihitaji saruji

Ukizungumza na wasimamizi wa vyuo kuhusu wanafunzi wenye ulemavu, jibu la kwanza utakalopewa ni fedha. Lifti ni ghali. Majengo ni ya zamani. Serikali haijaleta mgao. Yote hayo ni kweli. Maseno yenyewe ilianza mwaka wa 1991 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na ikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 2001. Vyuo vyetu vingi vimekua hivyo, juu ya majengo yaliyokuwa na kazi nyingine, na waliochora ramani za awali hawakumfikiria mtu wa magurudumu.

Lakini ratiba ya masomo haihitaji saruji. Ikiwa katika darasa la wanafunzi mia mbili yumo mmoja asiyeweza kupanda ngazi, darasa hilo lipewe ukumbi wa chini na darasa jingine lipande juu. Gharama yake ni karatasi moja na karani aliyeambiwa mapema. Ndivyo ilivyo pia kwa chumba cha bweni kilicho karibu na bafu, kwa mlango wa nyuma wa maktaba ambao hauna ngazi ila hufungwa kwa kufuli, na kwa mtihani unaoandaliwa kwa herufi kubwa kwa ajili ya mwenye albino ambaye macho yake hayaoni mbali. Hapa kinachokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kujua kwamba mwanafunzi huyo anakuja, wala si fedha.

Nimeona njia za mteremko zilizojengwa kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja. Utaijua kwa kuitazama: imesimama wima kama paa la nyumba, haina mahali pa kushika, na mwisho wake kuna kizingiti. Vyuo vya umma kwa miaka kadhaa vilitakiwa kuonyesha katika mikataba ya utendakazi vilivyofanya kuhusu ulemavu, na bila shaka jambo hilo liliamsha waliolala. Lakini picha ya mteremko ndani ya ripoti haisukumi kiti cha mtu.

Sheria si maskini

Wanaodhani kwamba Kenya haina sheria wamekosea. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa jina lisilomdhalilisha, haki ya kuingia katika taasisi za elimu pamoja na wenzake, kufika mahali pote, kupata vifaa, na kutumia lugha ya ishara na maandishi ya Breli. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya.

Kabla ya hapo kulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kukataza shule au chuo kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake pekee. Mwaka wa 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki hizo. Kisha mwezi wa Mei 2025 Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya iliyochukua mahali pa ile ya 2003. Mswada wake ulipelekwa Seneti na Crystal Asige, seneta aliyepoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa wa glakoma, yaani presha ya macho. Si jambo dogo sheria kuandikwa na mtu anayejua inakobana.

Na kuhusu jina lisilodhalilisha, nitaomba ruhusa ya kuchepuka kidogo. Kiswahili chetu kina kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, maneno yenye umbo lile lile la kiti na kikombe, ijapokuwa kisarufi tunasema "kiziwi amefika" kama tunavyosema juu ya mtu yeyote. Wapo viziwi wanaojivunia kuitwa viziwi, na wapo wasioona wasiotaka kabisa kusikia neno kipofu. Dawa ni rahisi: muulize mwenyewe. Wengi watakuambia wana majina.

Ubao usiozungumza

Kando ya Ziwa Victoria kuna shule zilizofanya kazi kubwa bila kelele. Iko Kibos, shule ya wasioona nje kidogo ya mji wa Kisumu. Iko Joyland, mjini humo, ya wenye ulemavu wa viungo, ambayo ni ya Jeshi la Wokovu. Iko Nyang'oma huko Bondo, ya viziwi. Mtoto aliyelelewa katika shule kama hizo amezoea kwamba walimu wanajua Breli, wanajua ishara, wanajua kusubiri. Halafu anafaulu, na zawadi ya kufaulu kwake ni kutupwa katika ukumbi wa watu mia tatu ambamo hakuna anayejua lolote kati ya hayo.

Chukua mwanafunzi asiyeona. Mhadhiri ameupa darasa mgongo na anaandika ubaoni huku akisema: "Tukichukua hii, tukaigawa kwa hii, tunapata hii." Darasa zima linaandika. Mmoja tu amekaa kimya, kalamu ya Breli mkononi. Hii ni ipi? Kama mhadhiri angesema kwa maneno alichokiandika, asingepoteza hata dakika tano katika saa nzima, na ningeweka dau kwamba wanafunzi wa viti vya nyuma wangefaidika vile vile.

Upande wa vitabu, mambo ni afadhali kuliko zamani. Mwaka wa 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vyenye hakimiliki kugeuzwa kuwa Breli, sauti au maandishi ya kompyuta kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida. Aidha, iko programu ya NVDA inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Ilianzishwa nchini Australia mwaka wa 2006 na kijana asiyeona, Michael Curran, na hutolewa bure. Kwa hiyo maktaba ya chuo yenye kompyuta moja na vipokea sauti ina pa kuanzia. Linalobaki ni mhadhiri kutoa maandishi yake mapema, katika faili ambayo programu yaweza kuisoma, si picha ya karatasi iliyofifia iliyopigwa kwa simu.

Kiziwi ana taabu ya namna nyingine. Katika eneo la ziwa, homa ya uti wa mgongo na malaria kali zimewaacha watoto wengi bila kusikia. Mtoto wa namna hiyo akifika chuoni anahitaji mkalimani, tena wawili, kwa sababu anayefasiri kwa mikono huchoka upesi na hupokezana na mwenzake kila baada ya nusu saa hivi. Hapo fedha zinahitajika kweli, na sipendi kulificha hilo. Mkalimani ni mfanyakazi mwenye ujuzi, anastahili mshahara. Chuo kinachomwambia mwanafunzi alete rafiki wa kumfasiria kimempa mwanafunzi mmoja mzigo wa masomo mawili.

Na isidhaniwe kwamba lugha hiyo ni kuchezesha vidole. Mwaka wa 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa kuitafiti Lugha ya Ishara ya Kenya, na miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwa Profesa Okoth Okombo, mwanaisimu aliyefariki mwaka wa 2017. Wasomaji wa Kijaluo wanamjua kwa riwaya yake Masira ki Ndaki. Mtu aliyezama katika lugha ya mama yake alitambua kwamba mikono ya viziwi nayo ina sarufi. Ina mpangilio wake wa maneno, na ndiyo sababu insha ya Kiingereza ya mwanafunzi kiziwi mara nyingine husomeka kama iliyopinda. Mhadhiri asiyejua hayo husahihisha ujinga ambao haupo.

Nani atamwajiri?

Turudi kwa swali la baba, ambalo ndilo gumu zaidi.

Vyuo vikuu hupenda kuzungumza juu ya wanafunzi wenye ulemavu. Kuhusu wafanyakazi, kimya. Ni kana kwamba ulemavu ni jambo la vijana linaloisha siku ya mahafali. Lakini hebu tembea katika chuo chochote, uhesabu ni wahadhiri wangapi, makarani wangapi, wapishi wangapi na walinzi wangapi wenye ulemavu unaoonekana. Mara nyingi vidole vya mkono mmoja vitabaki.

Hii si kwa kukosa watu. Kiziwi Mkenya, Michael Ndurumo, alipata shahada ya uzamifu Marekani na akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kuwa profesa. Maseno ina idara nzima ya elimu ya mahitaji maalum, inayowafunza walimu wa kufundisha watoto hao. Chuo kinachofundisha somo hilo darasani hakina haja ya kwenda mbali kutafuta wataalamu wa kukishauri kuhusu ofisi zake chenyewe. Sheria mpya ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi, wa serikali na wa binafsi, atenge angalau asilimia tano ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu. Asilimia tano ya chuo chenye wafanyakazi elfu moja ni watu hamsini. Msomaji aliye mfanyakazi wa chuo na atazame kulia na kushoto kwake.

Halafu wako wale ambao ulemavu uliwakuta kazini. Hujafa hujaumbika, walisema wahenga. Mhadhiri wa miaka hamsini anaanza kupoteza kuona kwa kisukari. Dereva wa chuo anagongwa na boda boda, anakatwa mguu. Karani anashikwa na uti wa mgongo. Kwa desturi yetu watu hawa huchangiwa, huombewa, hupewa likizo ndefu, kisha siku moja huletewa barua ya shukrani. Huruma yote hiyo, lakini hakuna aliyemuuliza mhadhiri yule kama angeweza kuendelea kufundisha akipewa kompyuta inayosoma kwa sauti. Kumbukumbu yake haikupofuka.

Mwaka wa 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya mfanyakazi wa kampuni moja ya wakala wa bima aliyeachishwa kazi baada ya kuugua mgongo. Mahakama ilisema alibaguliwa kwa sababu ya ulemavu. Uamuzi huo unawahusu waajiri wote nchini, vyuo navyo vikiwemo. Mwajiri hawezi tena kujificha nyuma ya maneno "tulimhurumia". Ni lazima aonyeshe kwamba alijaribu kumrekebishia kazi.

Kuna kichekesho kichungu hapa. Mfanyakazi mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha halipi kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza za kila mwezi. Ni nafuu nzuri sana, kwa yule aliyeajiriwa.

Nami naamini kwamba maswali haya mawili, la mama na la baba, ni moja. Chuo chenye karani wa kiti cha magurudumu katika ofisi ya ratiba hakitasahau ukumbi wa chini. Chenye mhadhiri asiyeona hakitatoa maandishi yasiyosomeka kwa kompyuta, maana mhadhiri mwenyewe atanguruma mkutanoni. Na mwanafunzi akimwona mtu kama yeye akiwa upande wa pili wa meza, barua ya nyumbani ataiandika kwa maneno mengine.

Wenzetu walivyofanya

Waganda walianza mapema. Serikali yao hutenga kila mwaka nafasi 64 za ufadhili katika vyuo vikuu vya umma kwa wanafunzi wenye ulemavu. Nafasi 64 kwa nchi nzima ni chache mno, lakini ni nambari inayojulikana, na nambari inayojulikana yaweza kudaiwa.

Marekani nako, mwaka wa 1962, kijana aliyeitwa Ed Roberts aliingia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Polio ilikuwa imemlemaza kuanzia shingoni, na usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Hakuna bweni lililoweza kuibeba, basi akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Wengine wenye ulemavu mkubwa wakamfuata hapo hapo, wakaanza kukaa pamoja na kudai: ofisi yao wenyewe, mafundi wa kutengeneza viti, njia za kushukia katika mitaa ya mji. Mwaka wa 1975 Roberts akawa mkurugenzi wa idara ya urekebishaji ya jimbo la California, idara ile ile ambayo awali ilimwona hafai kusaidiwa masomo kwa kuwa hangeweza kuajiriwa. Naona lile swali la baba wa Ahero liliulizwa huko pia.

Kwa sensa ya 2019, Wakenya wapatao laki tisa walihesabiwa kuwa na ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2022 kwamba ulimwenguni ni asilimia 16. Tofauti hiyo yatokana kwa sehemu na jinsi maswali yanavyoulizwa, lakini yeyote aliyekulia kijijini anajua pia kwamba wako watoto wasiotolewa nje mgeni anapofika na karatasi zake.

Kabla ya kuuza ng'ombe

Kwa mzazi ambaye barua imeingia nyumbani kwake leo, haya ndiyo ya kufanya. Kwanza, mtoto asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kama bado. Kadi yake hufungua milango mingi, ikiwemo Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo husaidia karo na vifaa. Uchunguzi wa daktari huhitajika, hivyo usingoje wiki ya mwisho.

Pili, andikeni barua kwa ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi, na nakala kwa kitivo chake, kabla ya siku ya kujiandikisha. Isiwe barua ya kuomba huruma. Itaje vitu kwa majina yake: chumba cha chini, ukumbi wa chini, muda wa nyongeza katika mtihani, mkalimani, au maandishi ya mihadhara katika kompyuta. Ikiwezekana, kijana mwenyewe aende siku moja kabla ya umati kufika, apite kwenye njia atakazopita, atazame vyoo, apime milango. Anayekwenda naye achukue utepe wa fundi. Viti vingi vya magurudumu vina upana wa sentimita sitini na kitu, na mlango usiofikia themanini utamsumbua mikono kila siku.

Barua hiyo ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala moja ibaki nyumbani.